Kumtambua Shore wa Nyika

Shore ni miongoni mwa ndege waimbaji wanaojulikana sana katika Afrika Mashariki. Huimba alfajiri bustanini, hula matunda na wadudu, wala hawaogopi sana watu. Kichwa chake ni cheusi chenye kishungi kifupi. Kifua ni cha hudhurungi, nayo rangi hiyo hufifia polepole hadi kwenye tumbo jeupe. Chini ya mkia ni manjano. Kwa kuwa amezoeleka mno, watu huacha kumtazama.

Mwanafunzi atokaye Nairobi akafika Voi, akiwatazama kwa makini shore wa vichaka vikavu vya huko, ataona tofauti. Hawa ni wadogo kidogo. Ubavuni mwa shingo wana doa jeupe, na manyoya ya kifua yenye rangi nzito yana kingo nyeupe, hata kifua huonekana kama magamba ya samaki. Manjano ya chini ya mkia yapo vilevile. Ndege huyu ni Pycnonotus dodsoni, aliyepewa jina hilo na Sharpe mwaka 1895. Huishi mashariki na kaskazini mwa Kenya, kusini mwa Somalia na kusini-mashariki mwa Ethiopia. Wataalamu wengine humhesabu kuwa spishi kamili, wengine nususpishi tu. Ubishi huo haumzuii mtu kumtambua.

Kinachopoteza wengi ni weupe. Shore wa kawaida huweza kuzaliwa na upungufu wa rangi, akawa na manyoya machache meupe shingoni au kichwani. Mtazamaji mwenye haraka humwandika kuwa shore wa nyika, na ramani ya makazi ya ndege huharibika kwa doa moja.

Basi zitazamwe pande zote mbili za shingo, maana upungufu wa rangi mara nyingi hauna mpangilio. Kisha kitazamwe kifua: doa bila magamba si ushahidi wa kutosha. Hatimaye watazamwe shore wengine wa mahali hapo, kwani alama za aina ya eneo huonekana kwa wengi, si kwa mmoja.

Aina hizi zinapokutana, huzaliana, na ndege wenye alama za katikati huonekana. Kwa hao, daftarini iandikwe sura yao, mahali na tarehe. Nafasi ya jina iachwe wazi.