Kabla ya Kuuza Shamba

Wapendwa wanandoa, mmeketi jioni mkizungumza juu ya kuuza shamba mlilonunua pamoja. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yataka idhini ya mume na mke. Lakini mjukuu ambaye hajazaliwa hawezi kutia sahihi. Nani atamsemea?

Si kila kuuza ni ubinafsi: karo na matibabu ni kwa faida ya watoto. Lakini gari la kuwaringia majirani? Kumbukeni jinsi wazazi wenu walivyojinyima ili ninyi msome.

Leo, kabla ya sala ya familia, kila mmoja amweleze mwenzake kwa unyofu: fedha hizi nazitaka kwa ajili ya nani? Jibu likiwa "kwa ajili yangu," msiuze kwanza.