Kuvu Nyuma ya Ukuta: Soma Kabla ya Kukarabati Besimenti

Familia zetu nyingi hapa Marekani zikipata nyumba yenye besimenti, yaani orofa iliyochimbwa ardhini, huwaza chumba kwanza: vijana wapate pa kulala, bibi akija asipande ngazi za juu. Ni wazo jema. Tunakuomba tu usinunue rangi kwanza.

Besimenti imekumbatiwa na udongo. Mvua na theluji inayoyeyuka hulowesha udongo huo, na zege huyanywa maji polepole. Wakati wa joto, hewa ya nje ikigusa ukuta wa baridi hutoa jasho, kama gilasi ya maji ya barafu. Aliyejenga kabla yako huenda alisimamisha fremu za mbao, akajaza pamba ya kuzuia baridi, akafunika kwa nailoni kisha kwa jipsamu. Mbele ukuta unang'aa. Nyuma unyevu hauna pa kutokea. Jipsamu imevikwa karatasi, na karatasi ni chakula cha kuvu. Ikilowa bila kukauka ndani ya saa 24 hadi 48, kuvu inaweza kuanza kuota.

Pua hutangulia macho. Shuka asubuhi, baada ya mlango kufungwa usiku kucha. Ukisikia harufu ya nguo zilizosahauliwa mbichi kwenye ndoo, anza kutafuta. Bandua kipande kimoja cha skatingi, umulike kwa tochi: misumari yenye kutu, karatasi yenye madoa meusi au ya kijani. Choma bisibisi kwenye mbao iliyolala sakafuni. Ikizama kama kwenye papai bivu, mbao imeoza. Unga mweupe juu ya zege mara nyingi si kuvu bali chumvi, na ukiutia tone la maji huyeyuka. Usifurahi mapema lakini: chumvi hiyo imeletwa na maji.

Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani (EPA) linasema eneo lisilofika futi 10 za mraba, kama futi 3 kwa 3, kwa kawaida mwenye nyumba anaweza kulisafisha mwenyewe. Likizidi hapo, au kama maji yalikuwa ya choo, ita fundi mwenye ujuzi wa kazi hii. Mwenye pumu asishike kazi hii kabisa. Vaa barakoa ya N95, glavu na miwani isiyo na matundu. Zima mtambo wa joto, uzibe matundu yake kwa nailoni, la sivyo vumbi litapanda hadi vyumba vya kulala. Na kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, pima kwanza rangi kwa madini ya risasi na vigae kwa asbestosi.

Jipsamu, pamba na zulia vilivyoota kuvu vitie kwenye mifuko, ufunge, utupe. Zege na mbao nzima sugua kwa sabuni na maji, kisha kausha. Wengi hukimbilia jiki. EPA haishauri kuitumia kama kawaida, kwa sababu kuvu hata ikifa bado huweza kusumbua kifua. Usichanganye kamwe jiki na amonia. Hutoa hewa ya sumu. Pesa za kupima ni kuvu ya aina gani zibaki mfukoni: aina yoyote huondolewa tu.

Kisha tafuta maji yanakotoka, maana bila hivyo utarudia kazi yote. Aghalabu kosa liko nje: mfereji wa paa umeziba, au bomba lake linamwaga maji kwenye msingi. Ndani, nunua kipimo cha unyevu. Kisome chini ya asilimia 60, na kati ya 30 na 50 ni bora zaidi. Mashine ya kukausha hewa husaidia.

Ukiwa mpangaji, usibomoe. Piga picha, mwandikie mwenye nyumba, utunze nakala.

Ukuta ukishakuwa wazi, uache hivyo hadi mvua kubwa inyeshe. Siku hiyo shuka na tochi, upapase zege kwa kiganja kutoka pembe hadi pembe. Kiganja kikirudi kikavu, mwite fundi wa jipsamu.