POLIMA: KUCHAGUA PLASTIKI YA KUUNDIA UMBO

Swali la polima haliishii kwenye maana ya maneno. Unaweza kupewa vitu ukatakiwa uchague na utoe sababu. Soma mfano huu.

Swali. Klabu ya sayansi ya shule moja Nyegezi, Mwanza, inaunda mtumbwi mdogo wa maonyesho. Bapa la plastiki litapashwa joto lilainike, litalazwa juu ya kalibu ya mbao, kisha hewa iliyo chini yake itanyonywa. Kati ya vipande hivi, kipi kinafaa zaidi? Toa sababu.
(a) swichi kuukuu ya bakelaiti
(b) bomba la PVC
(c) ubavu wa dumu, namba 2
(d) bapa la polistirini, namba 6
(Namba husomwa ndani ya pembetatu iliyochapwa kwenye plastiki.)

Jibu

(a) Hakifai. Bakelaiti ni thamoseti: minyororo ya molekuli zake imefungana kwa bondi imara. Haiwezi kulainika tena. Joto likizidi huungua.

(b) Hakifai. PVC ni thamoplastiki, hivyo hulainika, lakini ina klorini. Ikipashwa kupita kiasi hutoa gesi ya hidrojeni kloraidi, ambayo huwa asidi ikikutana na unyevu wa macho na koo.

(c) Si bora. Sehemu kubwa ya minyororo ya polithini ya dumu imejipanga kwa ukaribu. Huyeyuka ghafla kwenye nyuzi joto kama 130 na husinyaa sana ikipoa.

(d) Ndicho kinachofaa. Minyororo ya polistirini haikujipanga. Hulainika polepole kuanzia nyuzi joto kama 100, ukapata muda wa kuiumba, na husinyaa kidogo.

Kosa la kuepuka. Usiandike "utupu huvuta plastiki". Hewa ya juu ndiyo huisukuma. Mwanza iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni karibu Pa 88,000. Kwa bapa la sm 10 kwa sm 10, hewa yote ya chini ikitoka:
Kani = kanieneo × eneo = 88,000 × 0.01 = N 880.
Hiyo ni zaidi ya uzito wa gunia la kilo 80.

Angalizo. Fanya jaribio hili ukiwa na mwalimu, mahali penye hewa ya kutosha. Plastiki isiyo na namba usiipashe joto, hata kama inafanana na (d).