FAHAMU WAKATI UNAOPASWA KUWASILISHA RITANI YA KODI YA MAPATO

Watumishi wa umma na wakazi wa visiwa na mwambao wa Ziwa Viktoria wanakumbushwa kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haimngoji mwananchi aitwe kwa barua. Mwenye mapato ndiye anayepaswa kukadiria kodi yake, kuilipa, na baada ya mwaka kwisha kuitolea hesabu kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Hesabu hiyo ndiyo iitwayo ritani.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: je, mtumishi anayekatwa kodi katika mshahara wake anawajibika kuwasilisha ritani? Ikiwa mapato yake yote ni mshahara wa mwajiri mmoja, na kodi imekatwa ipasavyo, kwa kawaida hawajibiki, ila Kamishna Mkuu akimtaka afanye hivyo. Anapoanza biashara, hali hubadilika.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Nansio, Ukerewe, aliyefungua duka la dagaa huko Mkuyuni, jijini Mwanza, na kumwachia nduguye aliendeshe. Mwalimu huyo hudhani kuwa amekwisha kulipa kodi kwa kuwa mshahara wake hukatwa. Sivyo. Faida ya duka ni mapato yake, ijapokuwa hasimami dukani. Atajumlisha faida hiyo na mshahara, atakokotoa kodi ya jumla hiyo, kisha atatoa ile aliyokwisha kukatwa na mwajiri. Leseni ya biashara na ushuru wa Halmashauri haviondoi wajibu huo.

Utaratibu wa wafanyabiashara wadogo wanaotozwa kwa kiwango cha mauzo, ambao kikomo chake kilipandishwa mwaka 2019 kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 100, ni wa mtu ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara. Mwenye mshahara pamoja na duka asijihesabu humo.

Kwa mtu binafsi, mwaka wa mapato huanza Januari na kwisha Desemba. Tarehe za kukumbuka ni hizi:

(a) 31 Machi: mwisho wa kuwasilisha makadirio ya kodi ya mwaka unaoendelea na kulipa awamu ya kwanza.

(b) 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba: awamu zinazofuata.

(c) 30 Juni ya mwaka unaofuata: mwisho wa kuwasilisha ritani na kulipa kodi iliyosalia.

Biashara ikipanda au ikishuka katikati ya mwaka, makadirio yaweza kurekebishwa. Ikipata hasara, ritani bado yatakiwa. Kampuni nazo huwasilisha ritani, ziwe na faida au zisiwe nayo.

Ieleweke pia kwamba adhabu ya kuchelewesha ritani ni mbali na riba ya kuchelewesha malipo. Mtu mmoja aweza kupatwa na yote mawili. Asiye na fedha za kulipa asiache kuwasilisha ritani kwa wakati.

Kumbukumbu za mauzo na matumizi zihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka 5. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye shaka juu ya wajibu wake afike ofisi ya TRA iliyo karibu naye kabla ya 31 Machi, wala asingoje kuitwa.