Itaendelea: Maswali ya wanaoandika simulizi za mfululizo Kibiti na Delta ya Rufiji

Simulizi ya mfululizo ni nini hasa?
Ni hadithi inayotolewa kipande kwa kipande, kila kipande kikikatwa pale panapomwacha msomaji na arosto. Si ngeni kwetu. Hadithi za Eric Shigongo zilitoka hivyo katika magazeti ya Global Publishers, na watu wakasubiri toleo la wiki ijayo. Siku hizi kijana huandika kwenye simu, akatupia sehemu ya kwanza Facebook, na mwenye kutaka zilizobaki humtumia pesa ili aingizwe kundi la WhatsApp.

Waasia wanaingiaje hapa?
Japani kuna riwaya nyepesi zenye michoro, za kuingia mfukoni. Wenyewe huziita raito noberu. Nyingi zilianzia mtandaoni. Tovuti iitwayo “Shōsetsuka ni Narō” ilifunguliwa mwaka 2004. Yeyote huweka hadithi yake bure, na wachapishaji huenda kuvua humo. Reki Kawahara alianza kuweka Sword Art Online kwenye tovuti yake mwaka 2002, kitabu kikatoka 2009. Miaka saba, basi, kwa wale wanaotaka utajiri baada ya sehemu ya tatu.

Niige nini kwao?
Sura fupi, mazungumzo mengi, aya zisizochosha macho kwenye simu, na katika kila sura jambo moja linalobadili mambo. Ganda liache. Kule wamezoea shujaa agongwe na lori, azinduke ulimwengu mwingine. Ukimgonga wako kwa bodaboda pale Kibiti na kumtupa kwenye ufalme wa majoka, umeandika hadithi ya Tokyo kwa Kiswahili.

Delta ina ulimwengu wake. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha kwenye mito yetu. Meli kubwa za Waingereza zilishindwa kuifuata kwa sababu ya kina kifupi cha maji, hadi zilipoletwa Severn na Mersey, zilizoweza kuelea humo. Julai 1915 ikaangamizwa. Sasa mchukue binti anayetega kaa kwenye mikoko ya Salale. Mtumbwi unapinduka, anaibuka, anasikia mizinga. Maji kujaa na kupwa yatakusaidia kukata sura: mtumbwi umekwama topeni, maji hayarudi mpaka usiku, na upande wa pili kuna mtu anakuja. Hapo ndipo unapoandika “itaendelea”.

Nianze kutoa nikiwa na sehemu ngapi?
Mimi nasema kumi. Bando huisha, chaji huisha, na msimu wa mpunga haumsubiri mwandishi. Msomaji aliyelipia akasubiri mwezi mzima harudi tena.

Nikiibiwa je?
Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu unapoiandika, hata kama hujaisajili, na ulinzi huo hudumu miaka 50 baada ya kifo chako. Usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni ushahidi mzuri ukifika kwenye mgogoro. Tunza pia rasimu zenye tarehe.

Sheria ina upande wa pili. Anayetafsiri Solo Leveling, riwaya ya Mkorea, bila ruhusa, akabadili majina na kuiuza kundini, naye ni mwizi.