Mawimbi na Chembe za Angasumaku: Neno "Masafa" Linapotukwamisha

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Habari hiyo inajulikana kwa wapenzi wengi wa lugha yetu. Isiyojulikana sana ni ya setilaiti nyingine, Explorer 45, iliyorushwa kutoka jukwaa lilo hilo tarehe 15 Novemba 1971 bila kubahatika kupata jina la Kiswahili. Kazi yake ilikuwa kupima uga wa sumaku wa dunia pamoja na chembe zenye nishati kubwa zilizonaswa ndani yake. Makala haya yanakusudia kueleza uhusiano wa mambo hayo mawili kwa Kiswahili, na kuonyesha ni wapi istilahi zetu zinatukwamisha.

Tuanze na mahali. Kwa kuwa lugha yetu imekulia karibu na Ikweta, haikuwa na sababu ya kuzipa jina zile nuru zinazocheza angani karibu na ncha za dunia wakati wa dhoruba za sumaku. Mkazi wa Kabiria, magharibi mwa Nairobi, hazioni. Lakini asidhani kwamba dhoruba hizo hazimhusu. Mkondo mkubwa wa umeme unaopata nguvu wakati wa dhoruba huizunguka dunia juu ya maeneo ya Ikweta, makumi ya maelfu ya kilomita kutoka ardhini. Ndiyo maana jukwaa la Ngomeni lilifaa: Explorer 45 ilizunguka karibu sambamba na Ikweta, ikapanda hadi takriban kilomita 27,000 na kuukata mkondo huo tena na tena.

Eneo lote linalotawaliwa na uga wa sumaku wa dunia nitaliita angasumaku, kwa kufuata mfano wa angahewa. Ndani yake, elektroni na protoni hufanya mienendo mitatu kwa wakati mmoja. Hujizungusha kuuzingira mstari wa uga. Huenda na kurudi kati ya kaskazini na kusini. Na polepole zaidi huizunguka dunia nzima. Elektroni yenye nishati kubwa, ikiwa mbali kiasi cha setilaiti za mawasiliano, huweza kukamilisha mzunguko huo wa tatu kwa muda wa dakika kumi hivi.

Mistari ya uga nayo hutikisika mithili ya nyuzi za zeze. Mwaka 1954 James Dungey alipendekeza kwamba mitikisiko mirefu ya sumaku iliyokuwa ikipimwa ardhini ni mawimbi ya namna hiyo. Kundi moja la mawimbi hayo huchukua kati ya sekunde 150 na 600 kukamilisha mtikisiko mmoja. Wimbi la redio ya FM hutikisika takriban mara milioni mia kwa sekunde moja. Tofauti ni kubwa mno.

Hapa ndipo lugha inapotukwama. Mawimbi haya tuyaiteje? Wengi watasema "mawimbi ya masafa ya chini mno". Lakini masafa, neno lenye asili ya Kiarabu, kwanza ni umbali: mkimbiaji wa masafa marefu, kombora la masafa ya kati. Watangazaji wakalichukua kwa maana ya idadi ya mitikisiko, na papo hapo wakasema redio inasikika kwenye "masafa mafupi", yaani urefu mfupi wa wimbi. Wimbi likiwa fupi, mitikisiko yake kwa sekunde huwa mingi. Kwa hiyo "masafa mafupi" na "masafa ya chini" ni mambo yanayopingana, ijapokuwa sikio la mwanafunzi huyasikia kama ndugu. Kasimawimbi, neno ambalo pia limewahi kupendekezwa, halituokoi, kwani kasi ya wimbi ni jambo jingine kabisa. Binafsi naona marudio yanafaa zaidi. Yatakumbusha wengine mtihani wa marudio, lakini angalau yanahesabika, na hayadai kuwa umbali.

Hoja hii si ya kupenda ubishi tu. Katika mada yetu, umbali, urefu wa wimbi na marudio huingia katika sentensi moja. Ikiwa elektroni huizunguka dunia kwa dakika kumi, na wimbi nalo husafiri upande huohuo likikamilisha mzunguko kwa dakika kumi, elektroni hiyo hubaki imekabiliana na sehemu ileile ya wimbi. Ikiwa ni sehemu inayoisukuma, husukumwa mfululizo, kama mtoto juu ya bembea anayesukumwa kwa wakati ufaao. Hupata nishati na kusogea karibu na dunia. Ikiwa ni sehemu ya kinyume, hupoteza nishati na kusogea mbali. Hali hii wengine huiita mwangwi. Siafiki: mwangwi ni sauti inayorudi ikiwa imefifia, ilhali hapa athari hukua. Napendekeza mwitikiano, kutokana na kuitikia, kama ngoma inavyoitikiwa kwa pigo lake.

Elektroni zilizotiwa nguvu hivi hupenya kuta za setilaiti na kuharibu vifaa vya ndani. Setilaiti za televisheni, ambazo sahani za Kabiria na jirani yake Riruta Satellite zimezielekea, huzunguka kilomita 35,786 juu ya Ikweta, upande wa nje wa ukanda wa elektroni hizo.

Explorer 45 ilizimwa mwaka 1974. Vyombo viwili vilivyopewa jina la Van Allen, mwanasayansi aliyegundua kanda hizo mwaka 1958, vilirushwa mwaka 2012 na kufanya kazi hadi 2019. Navyo vilibeba vipima sumaku na vipima chembe pamoja, kwa kuwa mwitikiano hauthibitiki mpaka wimbi na chembe vipimwe mahali pamoja, kwa wakati mmoja.