Mwangwi Ndani ya Bamba la Chuma

Mada: Mawimbi ya sauti

Meli ya MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Iliopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Bamba la meli ya umri huo linaweza kung'aa rangi kwa nje huku kutu ikililia kwa ndani. Fundi atajuaje bila kulitoboa?

Dhana kuu

Altrasauti ni sauti yenye masafa yanayozidi hezi 20,000. Sikio la binadamu haliisikii. Husafiri ndani ya chuma, na ikikuta ufa au mwisho wa chuma hurudi kama mwangwi. Kwa kuwa imekwenda na kurudi:

d = (v × t) ÷ 2

Njia mbili za kupima

(a) *Kupitia unene wa bamba.* Hutupa unene wa mahali pamoja tu.

(b) *Kufuata urefu wa bamba.* Nyuso mbili za bamba huliongoza wimbi, likafika mbali. Horace Lamb wa Uingereza alieleza mawimbi haya mwaka 1917. Vihisi vikipangwa kuzunguka eneo, kompyuta hulinganisha mawimbi yaliyopita bila kubadilika na yaliyobadilika, kisha huchora picha ya mahali penye hitilafu.

Mfano

Bamba lilikuwa na unene wa mm 12 lilipokuwa jipya. Sasa mwangwi kutoka upande wa pili unarudi baada ya sekunde 0.000003. Chukua kasi ya sauti katika chuma kuwa 6,000 m/s.

d = (6,000 × 0.000003) ÷ 2 = m 0.009 = mm 9

Kutu imekula mm 3, yaani robo ya unene.

Angalia! Mtahiniwa anayesahau kugawa kwa 2 hupata mm 18. Jibu hilo linajisuta lenyewe: bamba halinenepi kwa kuzeeka. Kwenye mtihani utapoteza alama. Kwenye meli yenye abiria, bamba bovu litapitishwa kuwa zima.

Zoezi

Wimbi linalofuata urefu wa bamba kwa kasi ya 5,000 m/s limetumwa kutoka ukingoni. Mwangwi wa ufa umerudi baada ya sekunde 0.0004. Ufa uko umbali gani kutoka ukingoni?

(Jibu: mita 1)